Sentensi Waliyoiita Nuksi

Guayacanes,
Jamhuri ya Dominika.
Jumatatu, 16 Julai 2018

Mpendwa Shangazi Nereida,

Kwanza naomba baraka yako, kama nilivyokuwa nikiiomba kila asubuhi kabla sijatoka mlangoni kwako. Najua umeshaitikia huko uliko. Magoti yanakuruhusu kupanda zile ngazi za kazini? Na Mjomba Porfirio, kifua kimemwachia? Sisi hapa tunapumua. Mjukuu wako Noelis ana meno mawili, anauma kila kitu, hata kidevu changu. Naandika huku amenilalia mapajani, kwa hiyo usiucheke mwandiko.

Ile siku uliyoniuliza habari za mume wangu Eudy kwenye simu, nilikwambia mtandao unakatika. Haukukatika, shangazi. Nilishindwa kusema.

Unajua kuwa mimi nagawa chakula kwenye akademia ya besiboli, pale pale Eudy alipokuwa akifundishwa kurusha mpira. Mwaka huu Mwalimu Dilcia, anayewafundisha vijana Kiingereza, alileta sheria: asiyeomba chakula kwa Kiingereza, nisimpakulie. "Kule Marekani hakuna wa kukusemea," huwaambia. "Ukinyamaza, unalala njaa." Basi Leoncio, yule bonge anayedaka mipira ya Eudy, alikula mayai siku kumi na moja mfululizo, hana neno jingine. Wenzake wakawa wanamwita Kuku Jike. Na mimi niliyeishia darasa la saba, nikawa naokota Kiingereza upawa ukiwa mkononi, punje moja moja, mpaka nikawapita baadhi yao.

Ila kulikuwa na somo moja walilokataa. Mwalimu hufundishia hapo hapo kwenye ukumbi wa chakula kwa kuwa ndiko kwenye feni. Siku hiyo aliandika ubaoni kwa Kiingereza, "Kiwiko changu kinauma," akataka kila mmoja aitamke. Waligoma. Wengine waligonga mbao za meza kwa chini ili balaa lipite.

"Mwalimu, hiyo nuksi," Leoncio akasema. "Mwaka jana Wascar aliisema, wiki haikuisha kitanda chake kikawa kitupu. Hiyo ni tiketi ya basi la kurudi kwa mama."

"Ni maneno tu, Leoncio."

"Basi yaseme wewe, mwalimu. Wewe hurushi mpira!"

Wakacheka. Eudy akainuka, akaufuta ubao kwa mkono wa kushoto, wakampigia makofi. Hawakuona kitu. Mimi niliona. Mume wangu anarusha kwa kulia, anakula kwa kulia, hata kamasi za mtoto anazifuta kwa kulia.

Nyumbani nilimvua shati, nikakuta kiwiko kimevimba na cha moto. Akanishika mkono. "Wiki tatu tu, Yari. Wanachagua wa kwenda Marekani. Ukifungua mdomo, umenizika." Nikaapa. Nikawa namchua kwa dawa kila alfajiri, na kila alfajiri anasema afadhali. Siku moja Noelis alimnyooshea mikono, Eudy akamwinua, kisha nikaona vidole vyake vinafunguka vyenyewe. Nilimdaka mtoto akiwa karibu na sakafu. Eudy alivaa viatu akaenda kurusha.

Wiki hiyo hiyo akaja daktari wa timu kutoka Marekani. Hakutaka mkalimani. Alisimama kando yangu kwenye foleni ya chakula akawa anawauliza mmoja mmoja kwa Kiingereza: mkono vipi? Eudy akajibu bila kukwama, "Mzima kabisa, daktari, asante." Mwalimu Dilcia akatabasamu, mwanafunzi wake amepata. Daktari akaweka alama kwenye karatasi.

Shangazi, ile sentensi ilikuwa mdomoni mwangu nzima nzima. Nikaisema. "Kiwiko chake kinauma." Kwa Kiingereza, mbele ya wote.

"Dada Yari," Leoncio akasema taratibu, "umefanya nini?"

Walimpima kesho yake. Daktari alisema mechi mbili zaidi na mkono ule usingeshika hata kijiko. Lakini hawakumtibu, maana vijana wenye mikono mizima wamejaa getini. Alhamisi wakampa barua ya kumwachilia, na kufikia jioni nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine. Mimi Eudy alinipa swali moja tu: "Nani alikutuma unisemee?" Akabeba begi, akaenda kwa mama yake, mjini Consuelo.

Leo ni wiki ya sita. Bado nagawa chakula. Wapo wanaopokea sahani bila kuniangalia, na kijana mmoja huwa anahamisha trei yake nisiiguse. Mwalimu Dilcia anasema nilifanya vyema, ila analisema kwa sauti ya chini. Mama mkwe anasema ningemwachia Mungu aseme. Nami najiona niko sawa mpaka nipite karibu na uwanja, nisikie mpira ukitua kwenye glavu, ndipo nageuza njia. Ungekuwa wewe, shangazi, ungenyamaza?

Jumapili huwa anakuja kumwona mtoto. Anakaa mlangoni, anampakata kwa mkono wa kushoto, ananipa mgongo. Jana nilimwekea wali na ukoko mwingi, kama anavyoupenda. Nikasimama kando ya sufuria na upawa wangu, nikamuuliza kwa Kiingereza kama tulivyokuwa tukifanya pale ukumbini: mkono vipi?

Nilidhani atainuka aondoke. Alikwangua ukoko hadi sahani ikawa nyeupe. Kisha akaisema ile sentensi, kwa Kiingereza, bila kosa hata moja. Akaweka sahani chini, akaisema tena kwa lugha yetu: "Kinauma sana, Yari."

Alikuwa hajawahi kuniambia hivyo kwa lugha yoyote. Aliondoka na basi la saa kumi, hakusema atarudi lini, nami sikumuuliza.

Nisalimie Mjomba Porfirio, dada Yesenia na mapacha wake, na Doña Mercedita kama bado mnakaa ghorofa moja. Mungu aulinde mlango wako na ayape magoti yako mafuta. Mwombee Eudy mkono wake upone. Mdomo, naona umeshaanza.

Ni mimi mwanao wa kulea, nikupendaye hata nikikudanganya kwenye simu,

Yaritza