Siku Niliyokuacha Uandamane Peke Yako

Mama Furaha,

Tangu tukuzike kuna neno sijakwambia. Asubuhi ile uliponipitia twende kwenye maandamano ya kudai kazi, nilikwambia nina homa. Sikuwa na homa. Niliogopa. Kiwanda cha mashati kilipofungwa, wenyeji wa huku walianza kusema sisi wageni kutoka nchi nyingine ndio tunaomaliza kazi, nami nikajiona na lafudhi yangu ya Tanga katikati ya umati ule. Ukanifunika blanketi, ukasema kwa Kiswahili chako cha Bukavu, "Lala, dada. Mungu iko." Ukaenda na kifua chako kile kibovu, na hukurudi mzima.

Wiki iliyopita waliandamana tena. Nilikwenda.

Tulitembea kutoka mtaa wetu wa Troyeville hadi kwenye ofisi za serikali, Marshalltown, katikati ya jiji. Njiani mwanamume mmoja mwenye bango akanisikia nikiongea. Akapaza sauti, "We mgeni, unadai kazi gani hapa?" Nikasimama. Thandi, yule mwenzetu wa kupiga pasi kiwandani, akageuka. Unamjua, hana haraka.

"Huyu nimefanya naye kazi miaka tisa," alimwambia. "Siku niliyofukuzwa mimi, naye alifukuzwa. Wewe ulikuwa wapi?"

Yule bwana akashusha bango. Tulitembea bega kwa bega, hadi akaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani. Nikamwambia nilikuwa nashona kola za mashati. Akasema yeye alikuwa dereva wa lori, gari likauzwa naye akiwa likizo. Tukacheka, Mama Furaha. Sijui kwa nini.

Afisa alitoka, akapokea karatasi ya madai, akarudi ndani. Basi. Kazi hatujapata, sikufichi. Ila Thandi nami tumekodi chumba nyuma ya spaza, kiduka cha mtaani, tunashona sare za shule kwa cherehani mbili. Furaha huja Jumamosi kukata nyuzi. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kizulu, tunaelewana.

Anataka kuja nasi maandamano yakiitishwa tena. Nimemkubalia, na sitauachia mkono wake. Lakini kabla ya siku hiyo nitamkalisha nimweleze kwamba mama yake alikwenda peke yake, na ni nani aliyemwacha. Akinikasirikia, nitakaa papo hapo mpaka amalize.

Nisamehe, dada yangu. Pumzika.

Mwenzio,
Mwanaidi