Vidonge vya Asubuhi vya Mzee Mfaume

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Kisarawe, Jumatatu tarehe 27 Agosti 1979, saa 8:40 mchana

Jina: Efrazia Didas. Umri: miaka 29. Dini: Mkristo. Kazi: mganga msaidizi, zahanati ya kijiji. Makazi: Mzenga.

Mnamo tarehe ya leo, saa 1:15 asubuhi, nikiwa nafungua zahanati, alikuja Mwanaamina, mke wa Mzee Mfaume Matano, mkulima wa kijijini kwetu. Alisema mumewe anatapika na kila kitu anakiona cha njano. Mzee huyu alikuwa mgonjwa wa moyo. Mimi ndiye niliyekuwa nampa vidonge vyake kila mwezi, kimoja kila asubuhi.

Nilimkuta amelala, anatoka jasho la baridi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa taabu. Nilihesabu mapigo yake: thelathini na sita kwa dakika. Nilimuuliza mkewe kama dawa anameza. Alijibu, "Anameza, sista. Hata kimoja hakipotei." Sikuuliza zaidi.

Saa 2:05 tuliondoka kwenda hospitali kwa Landrova ya kijiji, dereva Saburi. Mgonjwa tulimlaza kwenye godoro, nami sikuuachia mkono wake. Saa 2:50, tukiwa bado porini, mapigo yalipotea mkononi, kisha shingoni. Nilimwambia Saburi asimame, maana kwenye makorongo yale huwezi kukandamiza kifua ukalenga. Nilikandamiza kwa uzito wangu wote na kumpulizia pumzi kinywani. Mwanaamina alinishika mikono. "Mwache, mwanangu, unamvunja." Ni kweli, ubavu ulivunjika, niliusikia. Nilimwambia, "Mama, mbavu zitaunga. Niachie."

Alirudi. Alifumbua macho akanitazama, nami nilicheka kwa furaha. Sasa naona aibu kwa kicheko kile. Tulipokaribia mjini mapigo yalipotea tena, na saa 4:10, hospitalini, daktari alisema basi, amefariki.

Daktari aliuliza dawa zake. Mwanaamina alifungua pindo la khanga akatoa karatasi tupu ya kufungia vidonge. Alisema mwezi mzima wa Ramadhani uliokwisha wiki iliyopita mumewe hakumeza, kwa kuwa dawa ni ya asubuhi, na asubuhi alikuwa amefunga. "Leo alfajiri kavilipa vidonge vyote kwa mara moja, ishirini na tisa, kama anavyolipa saumu. Alisema sista asije akaona hakumtii."

Nilikaa sakafuni. Ni mimi niliyemwambia asikose hata asubuhi moja. Mfungo ulipoanza sikuwaza kumwambia ameze akishafuturu. Ni neno dogo tu, na sikulisema.

Ndugu zake waliona kifua kimevimba wakaja hapa kusema nimemuua. Siwalaumu. Nimeletwa saa tano, na tangu hapo ninaulizwa habari za mbavu.

Afande, wagonjwa wangu wa vidonge hivi ni watatu. Wawili waliobaki wako kijiji cha Vihingo, na wote walifunga. Wote niliwaambia maneno yale yale. Nimelikumbuka hili sasa hivi tu, nikiwa naongea na wewe. Niliyoyaona leo ndiyo hayo, mengine nitayasema nikirudi. Naomba tuondoke.

Sahihi: E. Didas

Nimeyaandika kama alivyosema. Shahidi hakungoja kusomewa. Ametia sahihi akiwa amesimama. Gari la kituo limeondoka naye kwenda Vihingo saa 9:25 alasiri.

Koplo Gregori Ponsiano