Picha Iliyotufanya Tumlilie Osea

S.L.P. 61,
Mlowo, Mbozi,
Mkoa wa Songwe.
9 Aprili 2025

Mpendwa Shangazi Nesta,

Shikamoo shangazi yangu. Ni mimi Mercy, binti wa kaka yako Rabson, nakuamkia kwa heshima zote. Miguu inaendeleaje? Ule uvimbe uliokusumbua ulipokuja Ihanda msimu wa kahawa umepungua, au bado unalala umeiwekea mto? Wajukuu huko Isoka, ng'ambo ya mpaka, wanasoma? Sisi huku tunapumua. Mvua bado zinanyesha, mahindi yamebeba vizuri, na mama anakohoa kidogo asubuhi lakini shambani haachi kwenda.

Najua ulipigiwa simu mara mbili siku moja. Ya kwanza ilisema Osea amekufa, ya pili ikasema hajafa, kisha mtandao ukakatika na tangu hapo hatujakupata. Tumesikia kwamba ile ya pili hukuiamini, ukasema tunakupoza moyo kwa sababu ya presha yako. Shangazi, mdogo wangu yu hai. Ndani ya bahasha nimeweka picha yake, nimempiga mwenyewe juzi hapa dukani kwangu. Kama bado umejifunga kitambaa cha msiba, kifungue, halafu ndipo uendelee kusoma, maana nataka ujue ilivyokuwa.

Unakumbuka kwamba Osea aliteremka Galula baada ya Krismasi kutafuta dhahabu na wachimbaji wadogo. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa anampigia mama. Ikapita Jumapili moja bila simu. Ikapita ya pili, na namba yake haipatikani. Siku iliyofuata ikaingia picha kwenye grupu la ukoo.

Ilikuwa ya mtu amelazwa kwenye turubai. Uso umevimba na kujaa matope, mkono wa kushoto umekunjwa kifuani, na amevaa fulana ya mistari ya bluu na nyeupe. Chini yake mtu ameandika kwamba duara, yaani shimo la machimbo, limetitia huko Galula, na maiti huyu hajatambuliwa, tafadhali sambazeni.

Fulana ile sote tuliijua. Osea aliondoka nayo nyumbani.

Uso ndio ulikuwa hautambuliki. Picha ilikuwa imepita kwenye simu nyingi mno. Mmoja kaituma, mwingine kaipiga skrinishoti, mwingine kaiweka stetasi, mwingine kaitoa huko kaituma tena. Kila inapopita, simu inaibana ili iwe nyepesi, na kila inapobanwa kuna kitu kinatupwa. Ilipotufikia sisi ilikuwa kama kumtazama mtu kupitia kioo chenye mvuke.

Baba aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu.

"Ni yeye," akasema. "Namjua mwanangu anavyolala."

Basi, shangazi, msiba ukaanza. Mabenchi yakaletwa kutoka kanisani, vijana wakaanza kuchimba kaburi kando ya lile la babu, seremala akamalizia jeneza alilokuwa amelianza kwa ajili ya kuuza. Baba na wanaume wengine wakapata pikapu, wakalipakia, wakashuka kwenda kumchukua. Ndipo mtu akakupigia simu wewe. Sijui hata alikuwa nani.

Mama hakulia. Hilo ndilo lililowatisha wanawake. Alikuwa anaingia na kutoka, anapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Mwishoni akanivuta jikoni, akafunga mlango.

"Wewe ndiye fundi wa picha," akaniambia. "Ikuze nione mkono."

Nilielewa mara moja. Wewe mwenyewe ulikuwepo siku ile mashine ya kumenya kahawa ilipomkata Osea ncha ya kidole kidogo cha kushoto. Nikaivuta picha kwa vidole, ikakua, na ilivyokua ndivyo ilivyozidi kuharibika. Vilibaki viboksi tu, vya kahawia na kijivu. Vidole vilikuwa vimeshikana kama unga uliokandwa.

"Kwa nini havionekani? Si mkono huo hapo?"

"Mkono upo, mama, ila picha imebanwa mno. Kilichotupwa hakirudi hata niikuze namna gani."

"Basi mtafute aliyeipiga."

Nikaanza kurudi nyuma. Nikamwuliza aliyetuma kwetu ameitoa wapi, naye akanipa namba, na mwenye namba hiyo akanipa nyingine. Wengine walinijibu vibaya. Mama mmoja wa Mlowo, mcha Mungu kweli, akaniambia nikubali tu yaliyonifika niache kuhangaika. Nje wanawake walikuwa wameanza kuimba. Niliendelea kupiga mpaka nikampata kijana anaitwa Brian, dereva wa bodaboda wa Galula. Yeye ndiye aliyemkuta marehemu ametolewa shimoni, akampiga picha kwa simu yake.

"Brian, usiifute hiyo picha!" Sikumsalimia hata.

"Ndiyo nilikuwa naifuta sasa hivi, dada. Nikifungua simu naiona, nashindwa kula."

Nilimsihi. Akaituma kama watu wanavyotuma picha siku zote, ikafika imeshabanwa, afadhali kidogo kuliko ya kwetu lakini mkono bado ukungu. Nikamwambia aitume kama faili, ili simu isiiguse. Hapo ikawa nzito kupita uwezo wa mtandao wa kule. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikakata. Akajaribu tena, kikakata. Nikawapigia walio na baba, wakasema wameshafika bondeni na hospitali inaonekana. Mama alikuwa amesimama nyuma ya kigoda changu, pumzi yake naisikia shingoni.

Nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi kwamba jambo ninalowafanyia wateja kila siku halikunijia akilini. Lilipokuja, nikampigia tena.

"Brian, sikiliza. Usiipunguze. Ikate. Ingia pale pa kuhariri, vuta kingo mpaka ubaki mkono peke yake, kisha utume hicho kipande kama faili."

"Na uso?"

"Uso uache. Hatuuhitaji."

"Sawa dada. Ngoja nipande pale kilimani."

Shangazi, sijawahi kusubiri kitu kama nilivyosubiri kile. Kikaingia. Kipande kidogo, chepesi, lakini hakijabanwa hata chembe: matope ndani ya kucha, mikunjo ya ngozi, kikuku cha waya wa shaba mkononi. Na kidole kidogo kizima, na ukucha wake.

Mama aliichukua simu, akagusa kioo pale penye ukucha.

"Huyu si Osea."

Hapo ndipo alipolia. Wanawake wakafungua mlango wakidhani amezidiwa na msiba. Alikuwa anauliza neno moja tu: "Basi wangu yuko wapi? Wangu yuko wapi?" Maana Brian alikuwa ameshaniambia kwamba udongo haujatolewa wote, na hakuna anayejua ni akina nani wamebaki chini.

Nikampigia baba. Alikuwa mlangoni mwa chumba cha maiti.

"Baba, kabla hujasema neno, angalia kidole kidogo cha kushoto."

Nikasikia mlango, nikasikia viatu vyake. Kisha shuka likifunuliwa.

"Mercy," akasema, na sauti haikuwa yake. "Huyu ni mtoto wa mtu mwingine."

Sikuwa na muda wa kumjibu vizuri. Nilikuwa na picha ya Osea ya harusi ya binamu yetu, safi kabisa, ila nzito. Picha kama hiyo ukiituma Galula haifunguki, wanaona mraba wa kijivu tu wanapita. Nikaikata ikabaki uso na mabega. Nikaipunguza urefu na upana, nikaibana kidogo, nikaangalia, nikaibana tena kidogo, na nilipoona macho yanaanza kupoteza uhai wake nikarudi hatua moja nyuma, nikaishia hapo. Nikaandika jina, kidole chake, na namba yangu. Nikaongeza: tuma hii hii, usiipige skrinishoti. Nikaiachia Galula, Mkwajuni, Mlowo, Tunduma na Nakonde.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama simu ilipolia. Namba ngeni.

"Mimi naitwa Enesi, napika chakula hapa Tunduma karibu na maegesho ya malori. Ni ninyi mnaomtafuta kijana wa kwenye picha?"

"Ndiyo, mama. Umemwona?"

"Namwona. Yupo hapa kwenye benchi langu, anakula."

Nikamsikia anamwambia mtu, "We kijana, shika, ongea na nduguyo." Kisha sauti, mdomo umejaa ugali: "Haloo?"

"Osea, tumekuchimbia kaburi."

Akacheka. Alidhani namtania. Mama aliponinyang'anya simu na kumwita kwa lile jina lake la utotoni, akaacha kucheka.

Kumbe alikuwa ameondoka Galula siku nyingi kidogo. Aliona kuta za duara zinatoa maji, akaogopa. Kurudi nyumbani mikono mitupu akaona aibu, akaenda Tunduma kushusha mizigo ya malori, na huko wakamwibia simu.

Alifika kesho yake mchana, watu bado wamo uani. Wengine walikimbia, wengine walimshika mashavu. Baba hakusimama. Alimtazama tu mpaka Osea akaenda akachuchumaa mbele yake. Jeneza baba hakurudi nalo. Alilikabidhi pale hospitali, akasema mwenye mtoto akipatikana litamfaa.

Nami nikamwonyesha Osea kile kipande cha picha. Laiti ningemwacha apumzike kwanza. Alipoona kikuku cha shaba alikaa chini.

"Ni Anania," akasema. "Fulana ni yangu. Nilimwachia siku naondoka, yake ilikuwa imechanika. Nilimwambia tuondoke wote, dada. Akasema nimpe wiki moja tu."

Kwa hiyo baba hakuwa amekosea sana, shangazi. Fulana ilikuwa ya mwanawe kweli.

Mama yake Anania anaitwa Recho, anaishi Momba, hana mtoto mwingine wa kiume. Osea hakutaka apigiwe simu. Tulikwenda wenyewe, yeye, mimi na baba. Yule mama alipotuona tumesimama uani alianza kutandika mkeka, kisha akamwona Osea, akatazama nyuma yake kama anayemtafuta mtu wa pili, akauacha mkeka nusu umekunjwa. Siwezi kukuandikia yote.

Siku ya kuzika aliniita pembeni. Alitaka picha kubwa ya Anania ya kuweka juu ya jeneza. Alikuwa nayo moja tu, ile ndogo ya mviringo ambayo Anania aliiweka ionekane kwenye simu kando ya namba yake. Nilijaribu kila njia ninayoijua. Ikikua kidogo tu, uso unayeyuka. Ilibidi nimwambie.

"Ukiikuza hatakuwa yeye?" akaniuliza.

"Hatakuwa yeye, mama."

"Basi iache ilivyo."

Nikaiprinti ndogo, kwa ukubwa ule ilioweza kubeba, katikati ya karatasi nyeupe. Watu walipopita kuaga, kila aliyetaka kumwona Anania ilibidi ainame mpaka usoni kwake. Osea alipiga magoti, akakaa hapo mpaka baba akaenda kumnyanyua.

Sasa yupo Ihanda, anapalilia mahindi na mama. Galula hasemi atarudi, na hakuna aliyemwuliza. Ila baba ana tabia mpya. Kila asubuhi akiamka anamwita kutoka uani, "Osea!" Akiitika, "Naam, baba," hamtumi kitu chochote. Anachukua jembe lake anakwenda zake.

Barua hii nampa Clement, anayepita na lori kuja huko. Nijibu kwa mkono wa huyo huyo. Nisalimie mjomba na wajukuu wote, na majirani waliokuja kulia na wewe, waambie tunawashukuru na watusamehe. Mama, baba na Osea wanakusalimu sana. Mungu akutunze miguu hiyo, atukutanishe tena wakati wa kahawa.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda ingawa mpaka wa nchi uko katikati yetu,

Mercy