Jiwe la Muthara

Kiambere,
Jumatano

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba goti limeacha kukusumbua tangu baridi ipungue. Mama naye anaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, ila nimechoka, Baba, uchovu ambao usingizi hauutoi. Nimeandika kwa sababu kwa simu ningekatiza njiani.

Unajua kazi yetu hapa ni moja: kutafuta lilikotoka lile jiwe jeusi ambalo watu wa kale walilichonga kuwa visu na vyombo vya kukwangulia ngozi, vile tulivyovifukua karibu na bwawa. Hapa Kiambere jiwe la aina hiyo halipo. Kwa miaka miwili mimi na Riungu, dereva wetu, tumepanda vilima na kushuka makorongo, kuanzia huko nyumbani Ishiara hadi Tigania, tukivunja miamba na kujaza mifuko. Kila jiwe tulilipima kwenye mashine inayosoma madini yake, tukalilinganisha na zile zana. Kila mara Daktari Karwirwa, mkuu wetu, alitikisa kichwa na kutuambia twende mbele.

Mwezi wa nane alisema korongo la Muthara ndilo la mwisho. Likikosa, tunafunga kazi na kila mtu arudi kwao. Riungu aliniuliza mara mbili kama kweli ni la mwisho. Ana mapacha darasa la kwanza. Wiki iliyofuata mashine ikaonyesha kwamba jiwe la Muthara na zana za Kiambere ni kitu kimoja. Daktari alinikumbatia hadi miwani yake ikaanguka. Nilipokupigia ulilia, na baadaye Mama akaniambia ulisimama kanisani ukatangaza kwamba binti yako amepata walichokikosa wazungu.

Baba, sikupata kitu. Siku ile Daktari aliniacha nipime peke yangu. Nilipima vipande vinne vya jiwe la Muthara, kisha nikavipima tena hivyo hivyo na kuviandikia namba za zana. Jiwe lililinganishwa na lenyewe. Sitasema nilimhurumia Riungu tu. Nilikuwa nimechoka, nikataka jibu lolote.

Jumatatu nilimkuta Daktari akiandika ripoti, jina langu kando ya lake. Nikamweleza yote. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Ni namba zipi, Rwamba?" Nikamtajia moja moja, naye akazifuta. Tukazipima zana zenyewe pamoja. Hazifanani na jiwe la Muthara, wala la kilima chochote tulichokanyaga. Kazi inafungwa mwisho wa mwezi. Mimi nakabidhi vifaa Ijumaa. Riungu aliniambia pole, basi, na hiyo imeniuma kuliko kama angenitukana.

Nakuja Jumamosi. Tafadhali usiwaeleze watu wa kanisa kwa niaba yangu, nitasimama mwenyewe. Ukiona aibu kukaa karibu nami siku hiyo, nitaelewa.

Nisalimie Mama sana, na umwambie asinichinjie kuku.

Ni mimi binti yako,
Lydiah Rwamba