Jina la Kaka Sefu kwenye Utepe Mweupe

Jumapili, Malvern. Upepo wa Agosti umevuma tangu alfajiri na vumbi limeingia hadi kwenye kabati la vyombo. Baridi kavu. Nimerudi kutoka Kanada siku tisa zilizopita na sijaandika hata sentensi moja ya makala niliyotumwa.

Kwangu si kawaida. Hii ni kazi yangu ya miaka ishirini na sita. Nimeandika nikiwa na homa, nimeandika nikiwa msibani. Safari hii daftari limejaa na sijui nianzie wapi.

Nianze na ninachokijua.

Redio yetu ilialikwa kutuma mtu mmoja afuatane na mbio za hisani za kupokezana kijiti katika nyanda za Saskatchewan. Miji kumi na moja kwa siku kumi na moja. Michango inanunua magari ya kuwapeleka wagonjwa wa saratani wa vijijini hospitali za mbali. Miji yenyewe ni midogo: reli, ghala refu la nafaka, kanisa, ukumbi, na mitaa unayoweza kuimaliza kwa miguu kabla chai haijapoa. Kati ya mji na mji ni mashamba tu, ya njano na ya kijani, mpaka macho yanachoka. Gari la zimamoto linakuja mpakani kuupokea msafara. Dereva mnayepishana naye anainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Hiyo ndiyo salamu, na imekwisha.

Jioni, katika kila ukumbi, kuna chakula, halafu majina. Kijiti kinafungwa tepe zenye majina ya watu ambao mbio zinakimbiwa kwa ajili yao. Tepe za njano ni za wanaougua. Majina yao yakisomwa, watu wanapiga makofi. Tepe nyeupe ni za waliofariki. Yakisomwa ya kwao, wakulima wanavua kofia, ukumbi mzima unasimama kimya dakika moja.

Kaka yangu Sefu ana saratani ya utumbo. Ni fundi cherehani, ana duka dogo Mayfair, hapa hapa mjini, na mkewe Thandi ni mwenyeji wa hapa aliyezaliwa Morogoro wazazi wake wakiwa uhamishoni, wakiukimbia utawala wa makaburu. Sefu alichomwa dawa mara mbili, akatapika wiki nzima, akasema imetosha. Kabla sijasafiri alinipa sharti. Niwapelekee hao wanaokimbia jina lake. Nikirudi na ushahidi kwamba wamelibeba, atakwenda duru ya tatu. Alisema kwa mzaha. Mimi na wifi yangu tulilichukua kama mkataba. Duru hiyo ni Jumanne hii.

Katika mji wa kwanza kulikuwa na meza mbili za tepe. Foleni moja ndefu, nyingine fupi. Nilisimama kwenye fupi, nikaandika jina lake, nikajaza namba ya simu ya familia, nikarudi kazini. Jioni mbili za kwanza nilikuwa nje nikihoji watu majina yakisomwa.

Katika mji wa tatu nilimsikia akisomwa miongoni mwa wafu.

Nilikuwa na kinasa sauti mkononi. Bi Marge, mwalimu mstaafu anayeratibu mbio zile, alikuwa hatua tatu kutoka nilipokuwa. Kubadilisha utepe kungemchukua muda wa kufunga kamba ya kiatu. Ningenyanyua mkono tu.

Sikunyanyua. Wala mji wa nne. Wala wa mwisho.

Nilijiambia kwamba sitaki kuwavurugia watu maombolezo yao, kwamba mwandishi haingilii. Maelezo mazuri, ila si ya kweli. Ya kweli ni haya: tangu Sefu augue, nyumbani kwetu hairuhusiwi kuhuzunika. Kuna mzaha, kuna inshallah, kuna nani anampeleka kliniki. Kule, kwa dakika moja, watu wasionijua walisimama nami kimya na hakuna aliyeniambia nijikaze. Kuanzia mji wa tano nilikuwa naisubiri ile dakika tangu asubuhi.

Naona aibu kuliandika hili. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jana nilipitia picha zangu za siku ya kwanza. Mojawapo inaonyesha zile meza mbili. Juu ya meza ya foleni fupi kuna kibao, herufi kubwa, kinasema hapa ni kwa ajili ya waliotutoka. Kinasomeka vizuri kabisa. Picha niliipiga mwenyewe, dakika nne kabla ya kujiunga na foleni.

Basi sijui. Nilikosea, au nilichagua?

Nilikuwa nimepanga kumwonyesha Sefu picha ya kijiti tu, kwa mbali, tepe zikipepea. Nilisahau jambo moja. Ile namba ya simu ya familia niliyoijaza ni namba yake mwenyewe. Jana Bi Marge aliwatumia wafiwa wote video ya jioni moja ya majina, pamoja na salamu za pole. Marehemu akapokea rambirambi zake kwa WhatsApp.

Leo mchana akaniita dukani.

Alikuwa ameegemeza simu kwenye cherehani, anapiga pindo la kanzu. Thandi alikuwa amekaa kwenye stuli, mikono mapajani, hacheki.

"Karibu msibani," Sefu akasema.

Akaniuliza kama Wazungu wa kule wana hitma. Nikamwambia hawana, wanasimama tu, baada ya kula.

"Kula nini?"

"Soseji. Na viazi."

"Soseji ya nguruwe. Kwenye hitma yangu." Akamgeukia mkewe. "Umesikia, mama? Wamenilia nguruwe."

Thandi akasema eish, Sefu, akaziba mdomo kwa kiganja, na hatimaye tukacheka wote watatu. Nikaona yamekwisha. Nikaeleza: meza mbili, foleni mbili, uchovu wa safari ya ndege. Ni maneno niliyoyapanga nikiendesha gari kwenye Jules Street, kila robot, taa ya barabarani, ikiniwakia nyekundu. Akatikisa kichwa taratibu. Akasema mwanadamu hukosea, hata wewe.

Kisha akairudisha video nyuma.

"Huyu mwenye koti la kijani ni wewe?"

Nikainama kuangalia. Mstari wa mbele, mikono imefumbatwa, kichwa chini. Ndiyo, ni mimi.

"Hapa ni mji wa ngapi?"

"Wa nane."

"Na ulijua lini?"

Swali hilo nimewauliza mawaziri na wakurugenzi. Najua wanavyolijibu: wanatazama dari, wanaomba maji, wanasema suala hilo ni pana. Nilimjibu kaka yangu kwa usahihi.

"Mji wa tatu."

Akalaza simu kifudifudi. Akamaliza pindo, akakata uzi kwa meno, akaikunja kanzu vizuri kama inavyotakiwa. Thandi alinitazama mara moja, akaenda nyuma kuosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu.

"Jumanne nitakwenda," Sefu akasema. "Walilibeba jina, sikatai. Ila wewe usinipeleke. Thandi atanipeleka."

Nikaanza kusema kwamba zamu ile ni yangu, kwamba Thandi ana kazi asubuhi. Hakupandisha sauti.

"Wewe ulishanisindikiza, Zuhura. Mara tisa."

Nilihesabu nikiwa garini. Kuanzia mji wa tatu hadi wa kumi na moja. Ni tisa.

Sasa ni saa kumi na moja jioni na nimekaa na matokeo nisiyoyaelewa. Nilitaka akubali kwenda, na amekubali. Sharti limetimia. Kwa vipimo vyote vya kazi yangu, safari ilifanikiwa. Thandi amenitumia ujumbe wa neno moja, "Asante," na sijui ananishukuru kwa lipi, au kama ni namna yake ya kufunga mlango bila kelele.

Nimejaribu kumwandikia Bi Marge masahihisho. Magazeti niliyofanyia kazi yalinifunza hilo: ukikosea, sahihisha upesi, kwa maneno machache, bila kujitetea. Sentensi ya kwanza haina shida: Sefu yu hai. Ya pili inasema jina lake liliwekwa kwenye utepe mweupe kwa makosa. Nimeyafuta hayo maneno mawili ya mwisho, nikayarudisha, nikayafuta tena. Bila hayo, atauliza kwa nini. Nikiyaweka, nitakuwa nimeandika jambo nisilolithibitisha.

Na Jumanne je? Saa kumi na mbili na nusu watatoka nyumbani. Ameniomba nisiende, na ombi la mgonjwa ni la kuheshimiwa. Au ni lile ombi ambalo mtu hulitoa ili aone nani atalivunja? Nimezungumza na watu maelfu na nilidhani najua kuzitofautisha sauti hizo mbili. Ya kaka yangu sikuitambua.

Ninayo Jumatatu nzima ya kufikiri.