Wafuasi Elfu Kumi na Mbili

Mdogo wangu,

Huku hatujambo. Kikohozi cha mama kimepungua, na paka wa jirani kazalia kwenye kapu langu la vitambaa.

Jumamosi nilifungua duka. Ule ukurasa ulionifungulia mtandaoni una wafuasi elfu kumi na mbili, kwa hiyo nilipiga pasi magauni yote, nikaazima na viti. Hadi jioni aliingia mtu mmoja tu, fundi simu wa mlango wa pili, kuomba mkasi. Nikampa simu yangu, nikamuuliza watu wangu wamepotelea wapi.

"Dada, hawa si watu," akasema. "Ni akaunti za kununuliwa, mashine ndiyo inayoandika. Ona, huyu anayekusifu hapa kasifu na matairi kwa maneno hayo hayo."

Nilikuwa namjibu kila mmoja, mdogo wangu. Yule aliyeandika kwamba gauni langu limemkumbusha marehemu mama yake, nililia naye. Kwa ajili yao niliacha kazi kiwandani, nawe ukanipongeza huku unajua. Ungeniambia tu kwamba hakuna anayeangalia, ningekuelewa.

Jana mwalimu mmoja wa kike aliona gauni dirishani, akaingia, akalijaribu. "Limenibana kiuno, fundi, na hii shingo sijaipenda," akasema. Nikapiga magoti na pini zangu, nikimshukuru huku machozi yananitoka. Akadhani nimejichoma.

Neno la siri la ukurasa nimelibadilisha. Usinipigie. Nikiweza kuisikia sauti yako, nitapiga mwenyewe.

Dada yako