Kuhusu Kiingereza cha Mama

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele, penye cherehani.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Kifungo,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Je, kile kifua cha mwanao kimepoa? Na mgongo wako? Sisi hapa tunapumua. Miguu ya Mama huvimba jioni akikaa sana kwenye cherehani, nami macho yananisumbua kutunga uzi kwenye sindano, lakini hayo ni ya umri, hatumlaumu mtu.

Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu unanikatiza kwa kicheko. Karatasi haikatizwi.

Juzi ulinitumia ujumbe: "Dada, mrekodi Mama tena, hata maneno mawili matatu, watu wanamuulizia." Jibu ni hapana. Na kwa kuwa hujui kwa nini, kaa nikueleze.

Unakumbuka ulivyomwambia mwaka jana kwamba wanao Kiswahili kimewapita kando? Mama akakuuliza, basi mimi nitazungumza nao vipi? Ukamjibu kwa utani kwamba Kiingereza chao si hiki cha kuombea maji, ni cha vitabu vinene. Wewe ulikata simu ukaendelea na shughuli zako. Mama hakuendelea na zake.

Kesho yake alikwenda kwa Mwalimu Nukta, yule mstaafu wa jirani ambaye suruali zake tunazipunguza kiuno kila mwaka. Nilikuwepo. Mama alimwambia anataka maneno makubwa ya Kiingereza, yale ya wasomi. Mwalimu akamshauri aanze na madogo.

"Madogo ninayo," Mama alisema. "Ya kumuuliza mtu anataka mikono mirefu au mifupi. Wajukuu zangu sitawauliza mikono."

Tangu hapo nyumba hii iligeuka darasa. Mama aliandika maneno kwa chaki ya fundi juu ya meza ya kukatia, akawa anakata kitambaa huku midomo inacheza. Mwalimu alikuja alasiri kumnyoosha matamshi. Neno likishamkaa, alilitafutia kazi. Bi harusi aliyekuja kuchukua gauni aliambiwa yeye ni "risplendenti", yaani anang'aa, akatabasamu bila kujua kama amesifiwa au ametukanwa. Muuza nyama aliambiwa fungu lake si "sabstansho", halina uzito. Akaongeza mfupa, nadhani kwa woga. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini tulikuwa tunacheka na Mama. Kucheka na mtu ni jambo moja, kumcheka mtu ni jambo jingine, na tofauti hiyo imo ndani ya Kiswahili ulichowanyima wanao.

Basi mkaja Desemba. Jioni ya kwanza, mizigo bado iko mlangoni, Mama akasimama katikati ya sebule amevaa lile gauni la buluu alilojishonea kwa ajili ya kuwapokea. Alifunga mikono mbele kama mwanafunzi, akaanza hotuba yake. Binti yako akakugeukia akakuuliza mbona bibi anaongea hivyo. Mdogo wake akajitupa kwenye kochi, akajiziba uso kwa mto, mabega yakitikisika. Sikuwalaumu, ni watoto. Wewe ukatoa simu.

Mama alidhani unaweka kumbukumbu. Akanyoosha kola, akakuambia "ngoja kwanza", akaanza upya ili upate vizuri. Hapo ndipo nisipoweza kupatazama mpaka leo.

Mlipoondoka, sisi tulidhani yameisha. Wiki kadhaa zikapita, akaja mteja mpya, msichana mchangamfu, kupimwa. Mama alikuwa amepiga magoti anampima pindo, pini mdomoni. Msichana akasema, "Kumbe ni wewe yule bibi wa Kiingereza!" Hakuwa na nia mbaya, alifikiri Mama anajua. Akafungua simu, akainama, akamwonyesha video. Nami nikasogea. Gauni la buluu. Kola. Vicheko vya kubandikwa. Na juu yake maneno yako: "Bibi yetu amemeza kamusi."

Mama alitazama mpaka mwisho. Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake.

"Aliyeiweka ni nani?"

Msichana akasoma jina lako.

"Ni mwanangu huyo," Mama alisema, akaendelea kupima.

Gauni la msichana yule lilitoka fupi upande mmoja. Tangu nipate akili sijawahi kumwona Mama akikosea pindo. Nililifumua mwenyewe, nikalishona upya, sikumwambia.

Sasa watu wanakuja mlangoni bila nguo ya kushona. "Bibi, tupe neno!" Watoto wa mtaani wakipita hupaza sauti, "Risplendenti!" wakatoka mbio. Mama huinua macho, kisha huyashusha. Meza aliifuta kwa kitambaa kibichi na haijaandikwa tena. Mwalimu Nukta alikuja kuomba radhi, kana kwamba kosa ni lake. Mama akamvutia kiti, akamwambia, "Maneno yako yalikuwa mazuri, mwalimu. Mimi ndiye niliyeyapeleka pasipo wenyewe."

Nilipokupigia ulisema ni mzaha tu, kwamba watu wamempenda. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, Kifungo. Kampende mama yako mwenyewe, usitafute watu wa kukusaidia. Uliniahidi utaiondoa. Jana nimemwomba binti wa jirani aniangalizie: bado ipo.

Nikuulize jambo. Kiingereza wewe unakijua kuliko sisi sote. Uliwahi kusikiliza alichosema? Mimi siku ile sikukipata chote, ikabidi nimwombe mwalimu anifasirie. Mama alisema hivi: "Wajukuu wangu, nimewangoja kwa shauku isiyo na mpaka. Mimi ni mzee, na sauti yangu itanyamaza kabla hamjakua. Nimeazima lugha yenu ili msije mkasema bibi yenu alikuwa bubu."

Hayo ndiyo uliyoyabandikia vicheko.

Jambo la mwisho, ambalo bila shaka hulijui. Alhamisi binti yako alipiga simu mwenyewe. Nafikiri shuleni kwao wameiona. Akasema anamtaka bibi, ana neno la kumwambia. Nikampelekea Mama simu, nikamwambia ni mjukuu wako, tafadhali. Nilidhani hapa ndipo patakapopona. Mama akasikiliza. Mtoto aliongea, akalia, akaongea tena. Na Mama alielewa yote, Kifungo, nilimwona usoni. Kazi yote ile ya chaki haikupotea bure, alielewa mpaka pumzi.

Kisha akasema kwa upole, kwa Kiswahili, "Bibi hajui Kiingereza, mjukuu wangu." Akanirudishia simu, akavuta kitambaa, akaanza kushona.

Mtoto akaniuliza bibi amesema nini. Nikashindwa kumwambia. Mwambie wewe.

Msalimie wifi, umwambie kitambaa alichoacha nimeshakikata na kukishona, kinangoja vifungo tu. Msalimie mwanao, umwambie shangazi hana kinyongo naye. Binti yako mkumbatie kwa niaba yangu, yeye amejaribu. Mwalimu Nukta anakusalimu, ni mtu wa adabu. Salamu za Mama hazimo humu kwa sababu hakutuma, nami sitamtungia.

Mungu awalinde huko mliko, awape afya na riziki, na wewe akuongezee masikio.

Ni mimi dada yako niliyekubeba mgongoni, nikupendaye bado, leo kwa shida.